Sungura mwenye nyota ya paji: si chotara, wala si mgonjwa

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi. Tangu mvua za vuli zikatike namwona sungura wa mwituni kwenye shamba letu la muhogo, alfajiri nikielekea stejini. Ana nyota nyeupe kwenye paji, mguu mmoja wa mbele ni mweupe hadi karibu na goti, na begani kushoto ana kipande cheupe kama kiganja. Wenzake wote huku ni rangi ya majani makavu. Ami yangu anafuga sungura na dume wake mmoja alitoroka mwaka jana. Anasema huyu ni mtoto wa yule dume, aliyezaa na sungura wa porini, na anataka tumtege tumzalishe. Jirani anasema ni ugonjwa wa ngozi, utaambukiza mbwa na mbuzi. Nyanya anasema huyo si wa kawaida, asiguswe. Tena zamani kidogo, karibu na magofu ya Gede, niliwahi kuona kitu kama sungura mdogo mwenye makalio ya manjano. Je, ni ukoo mmoja? Mimi ningependa tu kumjua vizuri bila kumdhuru. Nifanyeje?"*

Marahaba. Naona kesi imeshasikilizwa na hukumu tatu zimetoka kabla hujaniandikia. Nikikusoma vizuri, lililokukaa rohoni ni hili: kama mnyama huyu ana kasoro, ana hatari gani kwa watu na mifugo, na kama hana, utamwangaliaje kabla hajaingia kwenye kitanzi cha ami. Kwa maelezo uliyotoa, huyo ni sungura wa mwituni mzima wa afya, aliyezaliwa akiwa na upungufu wa rangi sehemu chache za mwili. Ami amekosea, na jirani naye amekosea. Nyanya anayesema asiguswe, niko upande wake, ingawa sababu zetu ni mbalimbali.

Nianze na ami, kwa kuwa ndiye mwenye waya mkononi.

Sungura walio kwenye kizimba chake asili yao ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Kitaalamu wanaitwa Oryctolagus, na huku kwetu waliletwa na watu. Huyu wa shamba la muhogo ni Lepus, jamii nyingine kabisa, ambayo imeishi katika vichaka vya pwani bila kuletwa na mtu yeyote. Kwa mbali wanafanana masikio na namna ya kutafuna, lakini waangalie wanavyozaa. Jike wa kufugwa hubeba mimba kwa mwezi mmoja hivi, hutafuta shimo au kisanduku, hujing'oa manyoya ya kifua atandike, kisha huzaa watoto wengi walio uchi na vipofu. Jike wa mwituni hachimbi shimo. Hubeba mimba kwa wiki sita hivi na huzaa mtoto mmoja, wawili au watatu juu ya ardhi, penye nyasi, na watoto hao hutoka na manyoya yao na macho wazi. Tofauti hiyo imeingia hadi ndani ya seli: wa kufugwa ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, 44, wa mwituni ana 48. Kwa hivyo dume wa ami hata akikutana na jike wa porini, hakuna mtoto atakayepatikana. Chotara wa wanyama hawa wawili hajawahi kuthibitishwa popote duniani, licha ya hadithi nyingi za wafugaji.

Swali la haki ambalo ami angeweza kuuliza ni jingine: je, huenda huyu ndiye dume wake mwenyewe aliyetoroka? Hilo linawezekana kimsingi, na utalijua kwa macho. Mtazame miguu ya nyuma anapoondoka. Wa mwituni ana mapaja marefu, na akisimama kiuno chake huwa juu kuliko mabega. Masikio yake ni marefu yenye ncha nyeusi. Mkia una ukanda mweusi juu na ni mweupe kabisa chini. Jicho lake lina rangi ya hudhurungi inayoelekea asali, na limezungukwa na duara hafifu jeupe. Wa kufugwa ni mnene, miguu mifupi, hurukaruka taratibu na akishtuka hutafuta tundu la kujificha. Wa mwituni akishtuka hutafuta uwanja wa wazi, kwa sababu silaha yake ni mbio: huenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa na hukata kona ghafla ambapo mbwa hawezi kumfuata. Tena, kusema kweli, sungura wa kizimba kuishi porini Kakuyuni mwaka mzima ni jambo gumu sana. Joto linapozidi nyuzi 30 huanza kuhema na madume hupoteza uwezo wa kuzalisha kwa muda, na usiku kuna fungo, kanu, bundi na mbwa wa mtaa. Dume wa ami, nasikitika kusema, aliliwa zamani.

Lakini ami hakuwaza ujinga. Ameona madoa meupe, akakumbuka wanyama wa kufugwa, na ni kweli madoa meupe ni ya kawaida zaidi kwa wanyama wa nyumbani: mbuzi, ng'ombe, mbwa, paka, farasi. Mwaka 1959, huko Novosibirsk, wakati wa Muungano wa Kisovieti, mtaalamu wa jeni Dmitry Belyaev alianza kuchagua mbweha waliofugwa kwa ajili ya manyoya kwa sifa moja tu: asiyemwogopa mtu ndiye aliyeachwa azae. Rangi hakuichagua. Baada ya vizazi vichache wakawa wanaonekana mbweha wenye nyota nyeupe kwenye paji, mahali pale pale alipo nayo sungura wako. Wataalamu wanabishana hadi leo kwa nini upole na madoa viandamane. Kwa upande wetu la maana ni kwamba mnyama wa mwituni naye huzaliwa na madoa hayo mara mojamoja. Tofauti ni kwamba nyumbani anapendwa na kuachwa azae, na porini bundi humwona kwanza.

Sasa, nyota hiyo hutokeaje? Hapa naomba unisome polepole, kwa kuwa ukilielewa hili utaweza kulieleza doa la mbuzi yeyote sokoni.

Seli zinazotengeneza rangi ya manyoya hazizaliwi kila mahali kwenye ngozi. Mtoto angali mdogo sana tumboni, seli hizo huanzia mgongoni tu, kando ya pale utakapokaa uti wa mgongo. Kutoka hapo husafiri chini ya ngozi, kushoto na kulia, huku zikiongezeka njiani: nyingine hupita juu ya kichwa kuelekea paji na pua, nyingine hushuka ubavuni hadi tumboni, nyingine hushuka miguuni hadi kwenye vidole, nyingine huenda ncha ya mkia. Ni kama fundi aliyeanza kupaka rangi katikati ya ukuta akielekea pembeni. Kopo likiisha mapema, pembe ndizo zinazobaki bila kupakwa. Seli zikiwa chache, au zikichelewa kuanza safari, mahali zisipofika huota manyoya yasiyo na rangi, nayo huonekana meupe. Ndiyo maana nyota huwa kwenye paji, soksi huwa miguuni, na doa huwa kifuani au tumboni. Ni nadra sana kukuta mnyama mwenye mgongo mweupe katikati na miguu yenye rangi kamili. Kipande cha begani nacho kinaingia humo humo: mkondo wa upande wa kushoto ulipungua zaidi kuliko wa kulia. Pande mbili za mwili hazilazimiki kufanana, na mara nyingi hazifanani.

Nyota ya paji peke yake, tena, si ajabu kwa sungura wa Afrika. Jamaa yake wa kusini mwa bara mara nyingi huwa nayo ndogo tu, nywele chache nyeupe kati ya masikio na macho. Kinachomfanya wa kwako awe wa kipekee ni mguu na bega.

Usimwite albino. Albino seli zake za rangi zimefika kila mahali, ila haziwezi kutengeneza rangi. Huwa mweupe mwili mzima na macho yake huonekana mekundu au ya waridi. Wa kwako sehemu yenye rangi ina rangi kamili, na macho yake, ukimchungulia, utaona ni ya kawaida. Na kama nyumbani kwa ami kuna wale weupe wenye masikio na pua nyeusi wanaoitwa California, hao nao wana habari yao. Kimeng'enya cha rangi, yaani kitu cha mwilini kinachoendesha utengenezaji wa rangi, ndani ya ngozi yao hufanya kazi penye ubaridi tu. Huzaliwa weupe, kisha masikio, pua, miguu na mkia, ambavyo havina joto kama kifua, huanza kuwa vyeusi. Kwenye joto kali weusi huo hufifia. Ami akiwahi kulalamika kwamba aliuziwa mbegu iliyochakaa kwa kuwa masikio hayakuwa meusi kama ya pichani, mwambie alaumu jua la Malindi kabla ya kumlaumu muuzaji. Nayasema haya ili uone kwamba weupe wa sungura una zaidi ya njia moja ya kuja, na njia ya wale wa kizimbani siyo ya huyu.

Je, doa hilo linarithiwa? Huenda ndiyo, kama chanzo ni jeni. Huenda hapana, kama ni ajali ya tumboni iliyompata yeye peke yake. Kwa mnyama mmoja huwezi kutenganisha. Ukimwona na kitoto chenye nyota, hapo tutakuwa na la kuzungumza.

Nije kwa jirani. Ugonjwa wa ngozi upo kweli kwa wanyama wa porini, na yeye kuwaza mbuzi zake si kosa. Ila ugonjwa hauleti manyoya meupe laini yenye mpaka safi. Upele unaosababishwa na utitiri hula manyoya: utaona ngozi tupu ya kijivu, magamba, mikunjo, na mnyama anajikuna kila anaposimama. Maradhi ya ukungu wa ngozi huacha duara lisilo na manyoya, kingo zake zina unga. Kupe hujazana masikioni na kuzunguka macho. Hali zote hizo hubadilika baada ya wiki chache, zikipanuka au zikipona. Wewe umemwona tangu vuli ikatike na hujasema doa limekua. Kuna jambo moja la kuangalia, nalo ni kovu. Waya wa mtego ukimkata mnyama akaponyoka, manyoya yanaweza kurudi meupe juu ya kovu, lakini hukaa kama pete shingoni au mguuni. Yakiwa soksi nzima kuanzia vidoleni, hilo si kovu.

Kabla sijasahau: mwaka 2025 zilizagaa picha za sungura wa Fort Collins, jimbo la Colorado, Marekani, walioota vitu vyeusi kama pembe usoni. Kama jirani amezitazama kwenye simu, naelewa hofu yake. Vile ni vivimbe vya virusi alivyovieleza Richard Shope miaka ya 1930, vinavyowapata sungura wa huko, na haviwaambukizi watu wala mbwa. Havina uhusiano wowote na weupe wa manyoya.

Pia hakikisha umetenganisha weupe usio wa kawaida na ule wa kila siku. Kila sungura wa mwituni ni mweupe tumboni, chini ya kidevu na chini ya mkia, na tochi ikimpiga ubavuni wakati anageuka, tumbo lote huonekana kama doa kubwa. Halafu kuna majivu. Watu wanapochoma mashamba wakisubiri masika, sungura hujigaragaza kwenye vumbi na majivu, na asubuhi utaapa umeona mnyama wa kijivu na nyeupe. Baada ya mvua moja weupe huo unaondoka. Wa kwako ameonekana zaidi ya mara moja akiwa vilevile, basi majivu tumeyaondoa.

Yule wa Gede, mwenye makalio ya manjano, ndiye aliyenifanya nitabasamu. Huyo hakuwa sungura. Ulimwona sange, na siyo sange yeyote bali yule ambaye makao yake hapa duniani ni misitu ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke na kipande cha msitu kinachozunguka magofu ya Gede. Ana uzito wa nusu kilo na kidogo, masikio mafupi, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na mkia mrefu kama wa panya, mweusi, wenye sehemu nyeupe kuelekea mwishoni. Kiunoni nyuma ana bamba la manjano linalong'aa kweli, kama ulivyoliona. Yeye hali majani. Mchana kutwa hupekua majani makavu akitafuta wadudu na nyungunyungu, usiku hulala chini ya rundo la majani alilolikusanya mwenyewe. Sungura hufanya kinyume chake: mchana amelala, usiku yuko kazini. Na ukitaka kujua ukoo wao, sange yuko karibu zaidi na ndovu kuliko alivyo karibu na sungura.

Alama yake si hitilafu. Kila sange wa aina hiyo anayo. Galen Rathbun, mtaalamu wa Marekani aliyewachunguza miaka ya 1970 na baadaye, alionyesha kwamba ngozi iliyo chini ya bamba hilo ni nene kuliko ya mgongo, na inadhaniwa inawasaidia madume wanapofukuzana na kung'atana. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba kamera zilizotegwa katika misitu ya Boni na Dodori, Lamu, zilinasa sange mkubwa mwingine asiyefanana na huyu wa Sokoke. Kwa hivyo ndugu zako wa Lamu wakikuambia wameona kitu kama hicho lakini hakina manjano, usiwacheke. Sange wa makalio ya manjano anapungua, yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mitego ya waya ni sehemu ya sababu, hata kama aliyeitega alikusudia paa. Ukitaka kumwona tena, ingia Gede asubuhi geti linapofunguliwa, kaa kimya penye kivuli, na usikilize majani makavu. Utamsikia kabla hujamwona.

Sasa turudi shambani kwako. Umebahatika kuliko unavyodhani. Tatizo kubwa la kumchunguza sungura wa mwituni ni kwamba wote wanafanana: umemwona mmoja jana kwenye mkorosho na mmoja leo penye kunde, na huna njia ya kujua kama ni huyo huyo. Watafiti hulazimika kuwakamata na kuwavisha vipuli masikioni au vifaa vya redio. Wewe umepewa mnyama aliyejitia alama mwenyewe. Kila ukiiona soksi ile unajua ni nani, na kwa njia hiyo unaweza kujifunza maisha ya sungura mmoja tangu mwanzo: analala wapi, anaanza kula saa ngapi, anapita njia gani, anavumilia wenzake au anawafukuza.

Mchana huwa kwenye lalo lake, yaani kishimo kifupi alichokikandamiza kwenye nyasi au chini ya kichaka, kinachomtosha mwili tu, mgongo ukilingana na ardhi. Usilitafute kwa miguu. Atajikunyata hadi umkaribie kabisa, kisha atafyatuka, na ukimfyatua mara kwa mara atahama. Mngoje jioni, jua likishazama, au alfajiri kama unavyofanya sasa. Chagua mahali pamoja pa kukaa, chini ya mkorosho kwa mfano, na uende hapo hapo kila mara ili akuzoee kama kisiki. Angalia upepo: msimu wa kaskazi keti kusini mwake, msimu wa kusi keti kaskazini mwake, harufu yako isimfikie. Ukitumia tochi, ifunge kwa karatasi laini nyekundu, wala usimkazie macho. Macho ya sungura hung'aa mekundu kwenye mwanga, na utashangaa ni wangapi walio shambani mwenu ambao hujawahi kuwaona.

Mvua ikinyesha kidogo, soma nyayo njiani asubuhi. Miguu miwili midogo ya mbele hukanyaga mmoja nyuma ya mwingine, na ile mikubwa ya nyuma hutua mbele yake kwa pamoja, kwa hivyo alama inakuambia alikoelekea ukiisoma kinyume na unavyotarajia. Kinyesi chake kikavu ni vidonge vya mviringo vilivyobonyea kidogo, vimejaa nyuzi za nyasi. Kile laini hutakiona, kwa kuwa hukila mwenyewe moja kwa moja ili kimpitie tumboni mara ya pili. Wanaokwambia ni uchafu waambie ndivyo anavyopata vitamini na protini kutoka kwenye nyasi kavu.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, alikuwa anafanya nini, na upande gani wa mwili uliouona. Hilo la upande ni muhimu, kwa sababu ukimwona kulia tu hutaliona bega, na wiki ijayo utadhani ni sungura wawili. Piga picha kila ubavu hata kama ni hafifu. Picha ukiziweka mtandaoni, andika "Malindi" basi. Usitaje shamba wala njia. Na mweleze mzee wa kijiji na wenye mashamba ya jirani kabla hujaanza. Mtu anayeketi vichakani gizani na tochi nyekundu, tena Kilifi yetu hii, ataulizwa maswali, na ni bora majibu yatangulie. Vaa mabuti; kifutu naye hupenda njia hizo hizo za sungura. Ukielekea upande wa Arabuko-Sokoke, usiingie msituni jioni peke yako. Kuna ndovu mle, na kuingia ni kwa ruhusa na mwelekezi.

Kuhusu kumtega, nitasema wazi. Kwanza, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuwinda mnyama wa mwituni kwa nyama wala kumfuga bila kibali cha KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya, na sungura hakuachwa nje. Pili, hata sheria ikiwekwa kando, ami hatapata anachokitafuta. Sungura wa mwituni akifungiwa hujirusha kwenye waya hadi akavunjika uti wa mgongo kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe, au misuli huharibika kwa mshtuko na akafa baada ya siku chache ingawa hana jeraha. Akipona, hatazaa na majike wa kizimba. Ami akitaka sungura wa mabaka, wapo aina ya Dutch, weusi kwa weupe, wenye ukanda mweupe kifuani. Afisa wa mifugo wa kata anaweza kumwelekeza kwa wafugaji. Tena kizimba akikaze. Australia ilianza na sungura wachache aliowaachia Thomas Austin shambani kwake Victoria mwaka 1859, na mpaka leo hawajammaliza mnyama huyo. Joto letu linatusaidia, lakini si la kutegemea.

Kuna mambo machache ambayo daftari halitoshi. Ukimwona yeye au mwingine anayumba mchana kweupe, hakimbii ukimkaribia, au amelala ubavu, usimshike na uzuie mbwa na watoto. Piga simu au nenda ofisi ya KWS ya Malindi, ile ya hifadhi ya bahari upande wa Casuarina, au kwa daktari wa mifugo wa kaunti. Mkikuta zaidi ya mmoja wamekufa mahali pamoja, taarifa hiyo itolewe siku hiyo hiyo, na mizoga isiliwe. Mtu akiumwa na mnyama yeyote wa porini, au na mbwa aliyekuwa akimfukuza, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali bila kungoja kesho, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa. Mbuzi za jirani zikiota upele, aite daktari wa mifugo achunguze mbuzi wenyewe. Sungura hana hatia hapo.

Na watoto wa mtaani wakikuletea kitoto cha sungura walichokiokota "kimetupwa na mama yake", wahimize wakirudishe palepale, haraka, bila kukipa maziwa ya ng'ombe. Mama hajakitupa. Huwaacha watoto wake peke yao kutwa ili harufu yake isiwavute mbweha, na huja kuwanyonyesha mara moja tu, giza likishaingia. Kama kitoto chenyewe kina nyota kwenye paji, piga picha kwanza, kirudishe, kisha uniandikie siku hiyo hiyo.